Makro "unix" imo kwenye kitini changu tangu 2013. Niifute, au niiandike vipi?

fundi_mwanga (Kigoma)

Wadau, salaam. Swali langu ni la uandishi zaidi ya programu, ila bila kusimulia aibu iliyonipata halitaeleweka, kwa hiyo nivumilieni.

Mimi ni fundi wa vitu vya umeme, kibanda kiko Mwanga hapa Kigoma. Redio, chaja, inveta za sola, na C kidogo kidogo. Mwaka 2013 nilimwandikia mfanyabiashara mmoja wa dagaa pale Kibirizi programu ya kusoma mizani ya dijitali. Mizani inatuma uzito kwenye waya, kompyuta inausoma, inaandika jina la mwenye mzigo na kilo zake. Kompyuta yake ilikuwa Windows, yangu ya kibandani Ubuntu 12.04 (Linux) yenye kompaila ya GCC 4.6, basi nikaandika ikubali pande zote mbili, #ifdef ikiuliza kama jina unix lipo:

    #ifdef unix
        mizani = fungua_waya("/dev/ttyUSB0");
    #else
        mizani = fopen("COM3", "w+");
    #endif

Fanksheni ya fungua_waya nayo nikaifungia ndani ya #ifdef unix yake. Baadaye Windows ya yule bwana ikafa, tukamwekea Linux, na kazi ikaendelea miaka na miaka bila mtu kuigusa.

Mwezi uliopita kijana ninayemfundisha akaigusa. Alisoma mahali kwamba programu safi ya C lazima itaje kiwango chake, akaongeza -std=c11 kwenye Makefile. Simlaumu, hata mimi ningemwambia aongeze. Ikakompaili kimya, bila onyo hata moja, na -Wall, swichi ya kuwasha maonyo, ikiwepo. Tukaibeba Kibirizi.

Saa kumi na mbili asubuhi mitumbwi imerudi, akina mama wamepanga ndoo. Kioo cha mizani kinasema 12.4, kompyuta inasema 0.0. Ndoo ya pili, 0.0. Nikafungua mizani. Nikabadilisha waya. Nikalaumu chumvi, na ziwa letu halina chumvi, lakini fundi akibanwa mbele za watu lazima kuna kitu atakilaumu. Mama mmoja mwenye ndoo nyingi akaniuliza, "Fundi, hiyo kompyuta yako imefunga?" Watu wakacheka, mimi nikaendelea kushika bisibisi.

Saa tano ndipo nikaandika ls kwenye folda. Kumbe kuna faili jipya linaitwa COM3. Baiti sifuri. Programu iko juu ya Linux lakini imepita njia ya Windows, haikukuta poti yenye jina hilo, ikajitengenezea faili tupu, ikakaa inasoma uzito humo.

Mpaka hapo nilishajua kosa liko wapi: ile unix haipo ukitumia -std=c11. Nikarudisha Makefile ya zamani, kazi ikaendelea.

Sasa swali. Mwaka ule ule 2013 niliandika kitini cha kompaila kwa vijana wanaokuja kibandani, kwa Kiswahili, kurasa 22. Ukurasa wa 9 una sehemu inayoitwa "Majina ambayo kompaila huzaliwa nayo", yaani zile makro unazozikuta tayari bila kuandika #define. Mstari wa saba unasema hivi: "unix: ni 1 ukiwa kwenye Unix au Linux. Itumie kutenganisha Linux na Windows." Nilitoa nakala 40. Kwa maneno mengine, nimefundisha mtego.

Hizi ni siku za mbalamwezi, wavuvi wa taa hawaingii majini, mizani imelala na mimi nina nafasi ya kurekebisha. Niufute mstari wote? Niache niweke onyo? Na onyo hilo niliandike kwa neno gani? "Imepitwa na wakati" naona haimwambii kijana lolote. Kitenge nacho kinapitwa na wakati lakini mtu anakivaa.

kichwa_ngumu_tz

Futa, andika __unix__ mahali pake, kazi imekwisha. Mwongozo si makumbusho. Mwanafunzi akiona majina mawili atachagua lile fupi, binadamu ndivyo alivyo.

bi_nyaraka (Tabora)

Fundi, pole sana kwa asubuhi ile, na shikamoo, maana mtu aliyekuwa anatoa kitini 2013 atakuwa amenizidi.

Mimi kazi yangu ni kuandika miongozo, siku hizi zaidi ya mashine za kukamulia mafuta ya alizeti kuliko ya kompyuta, lakini ugonjwa ni ule ule. Kuna mkulima ana mashine ya zamani yenye kitufe ambacho mashine mpya haina. Mwongozo mpya umekifuta kitufe kile. Yeye anakiona mbele yake kila siku, anatafuta kwenye mwongozo, hakuna. Unadhani atafanya nini? Atakibonyeza aone.

Ndiyo maana sikubaliani na ndugu kichwa_ngumu. Nani atafungua ukurasa wako wa 9 akitafuta unix? Si yule anayeandika programu mpya, huyo halijui hata hilo jina. Ni yule aliyekuta #ifdef unix kwenye programu ya mtu mwingine, pengine ya kwako, na programu inamfanyia maajabu. Ukifuta, umemfungia mlango mtu pekee aliyekuja kubisha hodi.

Kuhusu neno, tutenganishe mambo matatu ambayo Kiswahili chetu cha kompyuta kinayachanganya. Kuna kitu kilichoondolewa: ukikitaja, hakipo. Kuna kitu kisichopendekezwa: kipo, kinafanya kazi, lakini wenyewe wamekwambia usijengee juu yake. Halafu kuna kitu ambacho kipo au hakipo kutegemea umeitaje kompaila. Hiyo unix yako ni ya pili na ya tatu kwa pamoja, na ndiyo maana imekutesa. Ingekuwa imeondolewa moja kwa moja, ungeshagundua miaka mingi iliyopita.

Sababu yenyewe iandike kwenye kitini, usiiruke, maana kijana akijua sababu hatahitaji kukariri orodha. Kiwango cha C cha mwaka 1989 kiligawa majina kama shamba la urithi. Majina yanayoanza na vistari viwili vya chini, au kistari kimoja kikifuatwa na herufi kubwa, ni ya kompaila na maktaba zake. Mengi ya yaliyobaki ni ya mwandishi wa programu. Sasa unix ni jina la kawaida kabisa, liko upande wa mwandishi. Mtu ana haki ya kuandika

    int unix = 3;

na hiyo ni C halali. Kompaila ikiwa na makro ya unix, mstari unageuka kuwa int 1 = 3; na GCC inapiga kelele kwamba ilitegemea jina ikakuta namba. Kwa hiyo ukiiambia GCC ifuate kiwango kikavu, -std=c99, -std=c11, -std=c17 au ile ya zamani -ansi, inaliondoa jina hilo shambani kwako na kubaki na __unix na __unix__ upande wake. Ukitumia lahaja yake yenyewe, gnu11, gnu17 na ndugu zake, inakuwekea yote matatu. Usipotaja chochote, unapewa lahaja ya GNU. Ndiyo siri ya miaka yako kumi ya amani.

Majirani zake ni linux, na i386 kwenye mashine za biti 32. Waandike kwenye mstari huo huo.

Mwongozo wa GCC wa kichakato-awali, ule wa cpp, umelisema jambo hili waziwazi: makro za aina hiyo wanaziondoa polepole, usizitumie kwenye programu mpya, na ukizikuta kwenye programu za zamani badilisha uweke zile zenye vistari. Halafu ona busara yao: hawaorodheshi majina ya kila mashine. Wanasema mwongozo wao ni wa mifumo yote, hauwezi kuyataja yote, badala yake wanakupa amri ya kuyaona mwenyewe. Nawe ifanye hivyo. Chini ya maelezo weka:

    echo | gcc -std=c11 -dM -E - | grep unix

Kwenye Linux itatoa mistari miwili. Badilisha c11 iwe gnu11, itatoa mitatu. Kijana akiona ule wa tatu ukitokea na kutoweka kwa macho yake, hutahitaji maneno mengi.

Neno langu: andika "MSTAAFU". Mstaafu si marehemu. Yupo mtaani, anaitikia ukimwita, lakini humpangii zamu.

ngosha_c (Mwanza)

Bi nyaraka amemaliza upande wa maandishi, mimi nina ugomvi na fundi mwenyewe.

Kaka, unix imekuponza, lakini aliyeficha kosa mpaka saa tano ni ile "w+". Hiyo inaunda faili likikosekana, na likiwepo inalifuta kilichomo! Ungeweka "r+", fopen ingerudisha NULL, programu ingekufa palepale kibandani kabla hujapanda bodaboda ya Kibirizi. Mizani ni kitu cha kusoma, unakifungulia faili la kuandika la nini?

Pili, #else yako inasema "kama si Unix basi ni Windows". Nani kakuambia? Taja kila mmoja kwa jina lake, na asiyejulikana azuiwe mlangoni:

    #if defined(__unix__)
        ...
    #elif defined(_WIN32)
        ...
    #else
    #error "Mfumo huu siujui"
    #endif

Na usitegemee -Wundef ikuokoe. Ile inaonya ukiandika #if unix. Kwa #ifdef haisemi kitu, kwa sababu #ifdef kazi yake ni kuuliza "yupo?", na "hayupo" ni jibu halali.

Nje ya mada kidogo. Mwaka 1987, David Korn wa Bell Labs alishinda tuzo ya programu ya mstari mmoja kwenye mashindano ya kimataifa ya programu za C zilizofumbwa, na fumbo lote limekaa juu ya makro hii hii:

    main() { printf(&unix["\021%six\012\0"],(unix)["have"]+"fun"-0x60);}

Inachapisha neno unix, na wala haichapishi makro. Kwa kuwa unix ni 1, unix["have"] ni sawa na "have"[1], yaani herufi a, namba 0x61. Toa 0x60 inabaki 1, "fun" ikisogezwa hatua moja inabaki "un", halafu "ix" inatoka kwenye ule mfuatano wa kwanza. Ijaribu na -std=c11 uone: kompaila inagoma, inasema unix haijatangazwa. Aliyeitumia kwa mzaha ana bahati kuliko wewe uliyeitumia kwa kazi, yeye anapigiwa kelele.

fundi_mwanga (Kigoma)

Marahaba bi nyaraka, umri umeupatia. Ngosha, ile "w+" nimeikubali, sina utetezi. Niliiiga mahali nikiwa na haraka.

Mmenifanya nikeshe. Nimeweka __unix__ kila mahali, nikarudisha -std=c11 ya kijana, nikidhani nimemaliza. Sasa kompaila, hapa nina GCC 13, inasema CRTSCTS haijatangazwa, na inaonya kwamba cfmakeraw haijulikani. Zote mbili ni za termios, sehemu ya maktaba ya kupanga mawasiliano ya waya, zimekuwepo humo tangu 2013 na hazijawahi kulalamika. Je, hizi nazo ni wastaafu? Maana nikianza kuandika MSTAAFU kila mahali kitini kitageuka ofisi ya pensheni.

bi_nyaraka (Tabora)

Hapana, hizo ziko kazini kabisa. Ni mkono mwingine wa swichi ile ile. Ukisema -std=c11, GCC inawasha makro nyingine ya kuzaliwa nayo, __STRICT_ANSI__. Maktaba ya C ya Linux, glibc, ikiiona hiyo inaficha vitu ambavyo si vya kiwango cha C, na hizo mbili ni miongoni mwavyo. Mwanzo hukuziona kwa sababu kipande chote cha termios kilikuwa kimerukwa pamoja na ile #ifdef unix. Umefungua chumba kilichokuwa kimefungwa ndiyo umekuta vumbi lake.

Dawa ziko mbili. Ama tumia -std=gnu11, ama bakia na c11 na juu kabisa ya faili, kabla ya #include yoyote, uandike

    #define _DEFAULT_SOURCE

Kwa programu inayoongea na waya, mimi ningetumia gnu11 nilale. Hiyo programu si C tupu, ina haki gani ya kujidai ni C tupu? Ila __unix__ iache, usirudi kwa mstaafu kwa sababu tu gnu11 imemrudisha.

Lile onyo la cfmakeraw lishughulikie leo. Kuanzia GCC 14 fanksheni isiyotangazwa si onyo tena, ni kosa, hutakompaili.

kichwa_ngumu_tz

Haya, nimebadili msimamo nusu. Iachwe, lakini isikae kwenye orodha moja na zinazofanya kazi. Ipelekwe nyuma.

bi_nyaraka (Tabora)

Hapo umesema kitu, ndugu. Lakini kwenye karatasi hakuna kutafuta kwa kuandika jina, mtu anapekua. Mimi ningeiacha palepale kwenye mpangilio wa alfabeti, maelezo yake yaanze na katazo kabla ya maana. Msomaji wa kitini husoma neno la kwanza la mstari, akishaona "ni 1" anaondoka.

Na fundi, ukiwa unarekebisha, angalia namba. Kitini cha 2013 lazima kina mahali kinasema usipotaja kiwango unapata C ya 1990. Kwa GCC 4.6 ilikuwa kweli. Kuanzia GCC 5 ni gnu11, kuanzia 8 ni gnu17, kuanzia 15 ni gnu23. Usiandike tu "bila kutaja unapata hiki", andika na toleo la GCC ulilopimia, ili hata ikipitwa, msomaji ajue imepitwa kuanzia wapi.

fundi_mwanga (Kigoma)

Kipo kweli, ukurasa wa 4. Na mbaya zaidi, ukurasa wa 14 nimewafundisha kuandika typedef int bool. Kwa sababu "C haina bool", yaani aina ya kweli au si kweli. Nimemwomba jamaa mwenye GCC 15 anijaribie, imekataa katakata: kwenye gnu23 bool ni neno la lugha yenyewe. Hiyo naishughulikia kesho, leo nimalize moja.

Huu hapa mstari wangu mpya. Nimeujaribu kwa kijana wangu, nikampa karatasi bila kumweleza kitu, akaelewa mara ya kwanza isipokuwa neno "lahaja", akadhani ni Kiha na Kimanyema. Nimeliacha hivyo hivyo, mbona ndiyo maana yake.

"unix: MSTAAFU. Usiitumie kwenye programu mpya, andika __unix__. Ukiikuta kwenye programu ya zamani, badilisha. Hutokea, ikiwa na thamani 1, kwenye Linux na Unix zote, pale tu GCC inapotumia lahaja ya GNU (-std=gnu11, gnu17, au usipotaja kitu). Ukiweka -std=c99, c11, c17 au -ansi, haipo, na #ifdef yake itarukwa bila onyo lolote. Dalili: uko Linux lakini programu inafuata njia ya Windows. Sababu: jina lisiloanza na vistari vya chini ni mali ya mwandishi wa programu, si ya kompaila. Wenzake: linux, i386. Hakikisha mwenyewe: echo | gcc -std=c11 -dM -E - | grep unix. Imepimwa kwa GCC 13."

Nilitaka kuongeza kisa cha ndoo za Kibirizi kama mfano, kijana akanizuia. Anasema wateja wake watasoma.

ngosha_c (Mwanza)

Safi, ila "Unix zote" futa. macOS ni Unix na haitoi __unix__ wala unix. Kule unaangalia __APPLE__. Najua Kibirizi hakuna mtu anapima dagaa kwa Mac, lakini umeandika "zote".

fundi_mwanga (Kigoma)

Nimeweka "Unix nyingine nyingi", na __APPLE__ imepata mstari wake.

Kilichobaki ni zile nakala 40 za karatasi. Nimepiga simu, 23 zipo hapa mjini na Ujiji, nyingine zimekwenda Kasulu na Uvinza, mbili mtu kafungia karanga. Nimechapisha mstari huu kwenye vipande vidogo vya karatasi, upana sawasawa na ule wa zamani, naubandika juu yake kwa gundi. Kijana ameshamaliza tisa. Kwenye jalada tunaandika kwa kalamu "uk. 9 umerekebishwa" na tarehe. Za Kasulu nitawatumia vipande kwa dereva wa Hiace, wabandike wenyewe.

Bi nyaraka, ukipita Kigoma kwa treni nitafute, nikufungie migebuka mikavu ya kurudi nayo Tabora.

bi_nyaraka (Tabora)

Nakuja na asali. Hiyo typedef ya ukurasa wa 14 iwe imebandikwa.